Hoja Kuhusu Kuwepo kwa Mungu: Namna ya Kuzipima

Swali linaposema "Jadili hoja za kuwepo kwa Mungu", wanafunzi wengi hujibu swali jingine kabisa: "Je, wewe unaamini?" Mmoja huandika ushuhuda wa imani yake, mwingine huandika mashaka yake, na wote wawili hukosa alama. Swali halikuulizi unaamini nini. Linakutaka upime hoja.

Hoja ni nini?

Hoja ni kauli zinazotolewa ili kuthibitisha kauli nyingine. Zile zinazothibitisha huitwa kauli tangulizi, na ile inayothibitishwa huitwa hitimisho. Ipime kwa maswali mawili:

(a) Je, hitimisho linafuata kutoka kwenye kauli tangulizi? Chukua mfano huu: Samaki wote huishi majini. Nyangumi huishi majini. Kwa hiyo nyangumi ni samaki. Hitimisho halifuati, ingawa kauli zote mbili za mwanzo ni za kweli.

(b) Je, kauli tangulizi ni za kweli? Ndege wote huruka. Mbuni ni ndege. Kwa hiyo mbuni huruka. Hapa hitimisho linafuata vizuri, lakini kauli ya kwanza si kweli.

Hoja ikishindwa swali lolote kati ya haya mawili, haijathibitisha hitimisho lake.

1. Hoja ya chanzo

Imamu al-Ghazali (1058–1111) aliijenga hivi: kila kilichoanza kuwepo kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwepo, kwa hiyo ulimwengu una chanzo. Hitimisho linafuata. Ubishi uko kwenye kauli tangulizi. Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume (1711–1776), alisema kwamba tunajua habari za chanzo na matokeo kwa uzoefu tu, kwa kuona jambo moja likifuatwa na jingine mara nyingi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuona ulimwengu ukianza.

Zingatia: Usiandike "Kama kila kitu kina chanzo, basi chanzo cha Mungu ni nini?" ukadhani umemshinda al-Ghazali. Yeye hakusema kila kitu kina chanzo. Alisema kila kilichoanza kuwepo. Kumpinga mtu kwa jambo ambalo hakulisema ni kosa la kimantiki.

2. Hoja ya mpangilio

Mwaka 1802, kasisi Mwingereza William Paley alitoa mfano wa mtu anayekuta saa nyikani. Akiona vipuri vyake vinavyofanya kazi pamoja, atasema ina fundi aliyeitengeneza. Vivyo hivyo, alisema Paley, jicho la kiumbe limepangika kwa namna inayoonyesha kuwa lina Muumba.

Hii ni hoja ya mlinganisho. Nguvu yake hutegemea vitu viwili vinavyolinganishwa vinafanana kiasi gani. Hume aliona kwamba ulimwengu haufanani vya kutosha na kazi ya fundi. Baadaye, mwaka 1859, Charles Darwin alieleza jinsi viumbe vinavyoweza kufikia mpangilio huo kidogo kidogo kwa uteuzi asilia. Watetezi wa hoja hii nao huuliza: sheria zenyewe za maumbile zimetoka wapi?

Zingatia: Usiandike kwamba Hume alimjibu Paley. Kitabu cha Hume chenye pingamizi hili kilitoka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, wakati kile cha Paley kilikuwa bado hakijaandikwa.

3. Hoja ya dhana ya Mungu

Katika karne ya 11, mtawa Anselm, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alianza na maana ya neno Mungu: yule ambaye haiwezekani kufikiria aliye mkuu kumzidi. Kama angekuwa katika mawazo tu, tungeweza kufikiria aliye mkuu zaidi, yaani yule aliyepo kweli. Kwa hiyo lazima awepo kweli.

Gaunilo, aliyekuwa mtawa pia, alimjibu kwa mfano wa kisiwa kilicho bora kuliko vyote. Kwa njia ile ile tungethibitisha kuwa kisiwa hicho kipo, jambo ambalo ni upuuzi. Anselm alijibu kwamba hoja yake inamhusu Mungu peke yake, si visiwa. Mwaka 1781, Immanuel Kant alieleza kuwa kuwepo si sifa inayoongezwa kwenye dhana ya kitu.

Jambo la kukumbuka

Gaunilo alimwamini Mungu. Thomas wa Akwino (1225–1274) naye aliikataa hoja ya Anselm, kisha akatoa njia zake tano za kuonyesha kuwa Mungu yupo. Kukataa hoja, basi, si kumkataa Mungu. Ni kusema kwamba njia hii haijatufikisha pale inapodai. Vilevile, hoja dhaifu haithibitishi kwamba Mungu hayupo. Anayesema "Hakuna aliyethibitisha kuwa hayupo, kwa hiyo yupo" na anayesema "Hakuna aliyethibitisha kuwa yupo, kwa hiyo hayupo" wamefanya kosa moja.

Mwanafunzi anayeelewa hili anaweza kukosoa hoja anayoipenda bila hofu, na kueleza kwa haki hoja asiyoikubali.

Hatua za kujibu

1. Taja kauli tangulizi na hitimisho.
2. Onyesha kama hitimisho linafuata.
3. Eleza pingamizi moja lenye nguvu.
4. Eleza jibu la watetezi.
5. Toa uamuzi wako kwa sababu.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kauli tangulizi na hitimisho kwa mfano wako mwenyewe.
2. "Mfano wa kisiwa unaangusha hoja ya Anselm." Jadili.
3. Kwa nini muumini anaweza kuikataa hoja ya kuwepo kwa Mungu?