Msimu wa Omena Huanzia Nchi Kavu

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, Kenya hufunga uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria ili samaki huyu mdogo apate nafasi ya kuzaa na watoto wake wakue. Mbuta na ngege huendelea kuvuliwa kwa nyavu zinazoruhusiwa. Lakini kwenye fuo za Kaunti ya Busia, kuanzia Sio Port hadi Marenga na Port Victoria, omena ndiye anayewalisha wengi. Akifungwa yeye, boti hupandishwa ufuoni na taa hutundikwa ndani ya nyumba. Mtu anayepita barabarani huona vijana wamekaa chini ya miti akadhani wamekosa la kufanya.

Wanalo, tena jingi. Mimi nimefikia kuamini kwamba msimu wa omena hufanikiwa au huharibika katika miezi hii minne, kabla boti haijagusa maji.

Tuanze na boti yenyewe. Boti za huku ni za mbao, za umbo la Sese, lililopata jina lake kutoka visiwa vya Ssese upande wa Uganda: mkuku mrefu chini, na mbao ndefu zilizopigiliwa misumari ubavuni. Mbao iliyovimba kwa maji huficha ufa wake, kwa hiyo fundi haigusi boti mpaka ikauke. Hapo ndipo huona palipooza. Ubao mbovu hung'olewa, mpya hupimwa na kuchongwa, halafu kazi ya kalafati huanza: nyuzi za pamba zinashindiliwa kwa patasi katika kila maungio, na pengine ukanda wa bati hupigiliwa juu yake. Shida ni kwamba Aprili na Mei ni miezi ya masika. Mvua ya jioni moja huilowesha boti iliyokuwa ikikaushwa wiki nzima. Fundi mzuri hufanya kazi kati ya mvua na mvua, na mwenye boti anayengoja Julai ndipo amtafute atakuta wenzake wamepanga foleni.

Kuna jambo la betri ambalo wageni hawalifikirii. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Betri ya asidi ikiachwa bila chaji kwa miezi minne hufa, na mwenyewe hugundua usiku wa kwanza wa msimu, akiwa katikati ya ziwa. Familia yenye akili huihamishia betri nyumbani ikawasha taa ya watoto wanaosoma, au ikachaji simu za majirani kwa ada ndogo, na kwa njia hiyo huifikisha Agosti ikiwa hai.

Wavu ndio kiini cha habari hii yote. Wavu wa omena hauji dukani ukiwa tayari. Vipande hununuliwa, hushonwa pamoja, kamba ya juu hutiwa maboya na ya chini hutiwa vipande vya risasi ili izame. Nchini Kenya tundu la wavu wa omena halipaswi kupungua milimita 10. Hata hivyo, vitambaa vya milimita 6 na hata chini ya hapo vinapatikana, na vinachota omena ambao hawajazaa hata mara moja. Mwaka unaofuata ziwa hulipa deni hilo. Sasa tazama uamuzi huo unafanyika lini: mwezi wa Mei au Juni, mfuko ukiwa mtupu, ada ya shule ikidaiwa, na mwenye mtaji akisema atatoa pesa ikiwa tu wavu utaleta samaki wengi usiku wa kwanza. Sheria huvunjwa pale, sindano ikiwa mkononi. Doria inayokuja Agosti ikauteketeza wavu ule ufuoni inachoma pesa ambazo mvuvi ameshakopa, na hasira inayobaki haimfundishi mtu kitu.

Ningependa maofisa wa uvuvi waje na rula zao Juni. Waje na wenzao wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo ambavyo sheria ya Kenya ilivipa kazi hiyo tangu kanuni za 2007, wakae na washonaji, wapime vitambaa kabla havijaunganishwa. Kurudisha kitambaa dukani ni rahisi. Wavu mzima uliokwisha kutiwa kamba hakuna duka litakaloupokea.

Wakati wanaume wako kwenye boti na nyavu, kina mama wana kalenda yao. Wanawake ndio wanunuzi, wakaushaji na wauzaji wa omena, na kufungwa kwa ziwa huwakata pande zote tatu. Machi na Aprili wengi wao wako shambani: mahindi na maharagwe, mtama, wimbi, na muhogo ule unaosagwa pamoja na mtama kwa ugali mweusi ambao Busia inasifika kwao. Maharagwe yakikomaa Juni, huwa ndiyo pesa ya kwanza tangu ziwa lifungwe. Kisha chama hukutana. Akiba iliyowekwa kidogokidogo tangu msimu uliopita hugawanywa, na hapo ndipo utamtambua mama mwenye kuona mbali: ananunua magunia mapya, anatengeneza chanja ya kuanikia, anashona vyandarua vilivyotoboka.

Chanja nazitaja kwa makusudi. Omena anayeanikwa chini huchanganyika na mchanga, na mvua ikinyesha ghafla huoza kabla mama hajamaliza kumkusanya. Aliyeharibika huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja iliyoinuliwa kwa miti na wavu hukausha haraka na hutoa samaki safi, anayefaa meza ya mtu. Miti yake hukatwa na kuchimbiwa sasa, katika miezi hii ambayo ufuo una nafasi. Agosti ikifika hakuna mwenye muda wa kuchimba shimo.

Watu wa Budalangi, hapa hapa Busia, wana mzigo wa ziada. Mto Nzoia humwaga maji yake ziwani hapo hapo, na masika yakizidi huvunja kingo zake, kama ilivyotokea Mei 2020, ziwa lenyewe likiwa limejaa kuliko kawaida na nyumba za ufuoni zikimezwa. Familia ikihamia juu ya tuta na vyombo vyake, boti iliyopandishwa ili itengenezwe hugeuka kuwa gari la kuhamishia watoto na mbuzi. Siwezi kumlaumu mvuvi wa hapo anayefika Agosti boti yake haijatiwa hata pamba moja.

Mpaka nao una sehemu yake. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na mvuvi wa Port Victoria akisogea kidogo tayari yuko Uganda. Habari za wavuvi wa Budalangi kukamatwa na vyombo vya usalama vya Uganda zimekuwa za kawaida, hasa tangu jeshi la nchi hiyo lilipopewa kazi ya doria ziwani mwaka 2017. Kwenye nchi kavu mambo ni mepesi zaidi. Katika miezi ambayo Marenga imenyamaza, mwalo wa Majanji katika Wilaya ya Busia ya Uganda huendelea kupokea mukene, kama omena anavyoitwa huko, maana kufungwa kwa Aprili hadi Julai ni kwa Kenya peke yake. Samaki yule hupanda barabara ya lami ya Lumino hadi mji wa Busia, na hapo hugawanyika: magunia mengine huvuka kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018, yakaingia Kenya, mengine huenda Tororo.

Tororo haina ziwa, ina mwamba wake na njia zake za biashara. Mchuuzi wa mukene sokoni Tororo, anayepima kwa kikombe na beseni, huhisi kufungwa kwa ziwa la jirani kwa namna yake: wanunuzi kutoka Kenya wanapofika Busia kutafuta samaki ambaye kwao hayupo, gunia hupanda bei. Kwa hiyo yeye pia hujiandaa. Aliyenunua Machi, akakausha upya kila jua linapotoka na kuinua magunia yake kutoka sakafuni, ana kitu cha kuuza Mei. Masika yenyewe humletea mshindani, kambare wa mabwawa, ambaye mvua humtoa kwa wingi.

Hapa ndipo ninaposema wazi: omena wa Marenga na mukene wa Majanji ni samaki mmoja katika maji yale yale, na kumpumzisha upande mmoja tu ni kumwadhibu mvuvi wa upande huo. Kukubaliana kunawezekana. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ziliafikiana juu ya kulipumzisha ziwa lao miezi mitatu, na Tanzania ilisimamisha uvuvi huko kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Ziwa Victoria lina nchi tatu tu, na shirika lake la uvuvi liko Jinja tangu miaka ya tisini, safari ya saa chache kutoka Busia. Meza ipo.

Mpaka nchi hizo zitakapoketi, kuna hesabu moja ambayo mwenye boti, mama mnunuzi na mkopeshaji wanaweza kuifanya wenyewe. Serikali hufungua ziwa Agosti 1, lakini omena huifuata taa vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi huidhoofisha taa. Agosti 1, 2023 ilikuwa usiku wa mwezi mpevu kabisa. Aliyekopa mafuta kwa ahadi ya kulipa wiki ya kwanza alianza msimu akiwa na deni lililochelewa. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa umeisha ilipofika Agosti 4, na giza likawa la kutosha tangu siku ya kwanza. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni Julai 29, siku tatu tu kabla ya kufunguliwa, hivyo usiku mwingi wa wiki ya kwanza utakuwa na mwanga. Tarehe ya kulipa mkopo wa mwaka huo iandikwe katikati ya Agosti.