Mwanao anasoma uuguzi? Usiishie kuuliza matokeo

Mzazi, mwanao akirudi likizo kutoka chuo cha uuguzi, swali la kwanza huwa ni matokeo. La pili, ada. Leo nakuomba uongeze la tatu: "Wodini kukoje?"

Mama mmoja alimleta binti yake kwangu akiamini vidonda vya tumbo vimemrudia. Hataki kula, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio. Nilimwomba mama atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa tu, binti akaangua kilio. Usiku wa juzi, akiwa zamu, alijichoma kwa sindano aliyotoka kumdungia mgonjwa. Hakumwambia mtu. Aliogopa kugombezwa na msimamizi, na zaidi aliogopa mama yake atasema kazi imemshinda.

Muda ulikuwa unatutupa mkono. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanzwa mapema kadiri inavyowezekana, na si zaidi ya saa 72 tangu ajali itokee. Alianza siku hiyohiyo, akameza kwa siku 28 bila kuruka. Vipimo vyake vya baadaye vilikuja salama, na amesharudi darasani. Angenyamaza siku mbili zaidi, tusingekuwa na dawa hiyo ya kumpa.

Kwa hiyo mwambie mwanao mapema, kabla hajaingia wodini: ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue jeraha, wala usipake jiki. Toa taarifa kwa msimamizi wa zamu palepale, upimwe na uanzishiwe dawa. Kujichoma ni ajali ya kazi, hata sisi madaktari hutupata. Si aibu.

Ulizia pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa mtu mzima ambaye hajachanjwa, kwa kawaida hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Ni vema aanze kabla ya mafunzo kwa vitendo, maana virusi hivi huambukiza kwa urahisi kuliko VVU mtu anapochomwa na sindano yenye damu.

Jambo lingine ni usingizi. Anayetoka zamu ya usiku hajatoka matembezini. Mwache alale kwenye chumba chenye giza, simu ikiwa mbali, ndipo umtume sokoni. Asiyelala hukosea hesabu za dozi, na kosa hilo humwangukia mgonjwa.

Halafu kuna kifo cha kwanza. Kijana wa miaka 19 anaweza kumhudumia mgonjwa wiki nzima, kisha asubuhi akakuta kitanda kitupu. Usimwambie "utazoea". Msikilize. Huzuni hiyo ikizidi wiki mbili, au akianza kusema hana haja ya kuishi, mpeleke hospitali bila kusubiri.

Yule mama aliniuliza, baada ya binti kukubali tumweleze, kwa nini mwanawe hakumwambia yeye kwanza. Nilimjibu kwa swali: "Akipiga simu kutoka chuoni, huwa mnaongea nini?" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ada."