Haja Kubwa kwa Ratiba: Tuwasaidie Walioumia Uti wa Mgongo

Huku kwetu Same na milimani Upare, watu huumia uti wa mgongo kwa kuanguka mitini na kwa ajali za pikipiki. Wengi wao hawasikii tena haja kubwa inapokuja, wala hawawezi kuizuia. Kwa kuogopa aibu, wengine hupunguza kula na kuacha ibada.

Dawa ya aibu hiyo ni ratiba. Mgonjwa huchagua saa maalumu, kila siku au siku moja baada ya nyingine. Nusu saa baada ya chakula na chai ya moto, utumbo husukuma vizuri zaidi. Hukaa kwenye kiti chenye tundu na mto, maana ubao mtupu huleta vidonda. Yeye au ndugu yake, kwa glavu iliyopakwa mafuta, huamsha utumbo au hutoa choo kwa kidole taratibu, kama walivyofundishwa hospitalini. Makande, mboga na maji husaidia.

Tahadhari: aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua akiumwa kichwa ghafla na kutokwa jasho, acheni, mkalisheni wima, asipopata nafuu, apelekwe hospitali haraka.

Kamati za sharika na wafadhili, glavu na kiti cha seremala ni vitu vidogo, lakini humrudisha mtu kanisani.