GUNDI YA MIRIJA MIWILI: NI KIRAKA, SI KIPURI



Hapa kwetu Nabuyoga haupiti mwezi bila gari kuletwa likisukumwa, na matone ya oili yakionyesha njia yote lilikopita. Barabara zina mawe, na sampu ndiyo hupigwa kwanza. Mwenye gari husema maneno yale yale: "Fundi, ziba tu nifike Busia, spea nitanunua baadaye." Hapo ndipo hutolewa mirija miwili ya gundi ya epoksi, ile ambayo wengi wetu huiita Araldite hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine.

Leo twataka tuseme wazi gundi hii yaweza nini na haiwezi nini, maana imekwisha kuwaletea wenzetu heshima, na imekwisha kuwaletea hasara, ugomvi na vidonda vya mikono.

UFUNDI ULIOZALIWA NA DHIKI

Kampuni ya Ciba ya Uswisi ndiyo iliyoitangaza Araldite, katika miaka ya 1940. Lakini ufundi wa kuziba katika mpaka huu una historia yake. Baada ya Waasia kufukuzwa Uganda mwaka 1972, vipuri viliadimika. Mafundi walilazimika kuyaponya magari kwa lehemu, kwa sabuni ya mche iliyosuguliwa kwenye tangi la petroli, na kwa kile kilichovushwa kwa magendo. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutucheka kwamba tunaziba kwa uvivu.

Siku hizi spea zipo madukani, lakini bei yake ni mzigo. Tena rejeta nazo zimebadilika. Zile za zamani za shaba zilikubali lehemu. Nyingi za sasa ni za alumini zenye vichwa vya plastiki, na lehemu yetu ya kawaida haishiki hapo. Ndiyo maana gundi imeongezeka kazi.

KAZI YENYEWE

Mrija mmoja una rezini na wa pili una kigumishi. Vitu hivi havikauki kama rangi. Vikichanganywa hushikana na kuwa kitu kipya kigumu. Basi kipimo ndicho kila kitu. Gundi nyingi hutaka sawa kwa sawa, lakini soma pakiti yako. Wako wenzetu wanaoongeza kigumishi wakidhani itakuwa ngumu zaidi. Wanakosea, maana kinachozidi hakina cha kushikana nacho, na kiraka hubaki dhaifu.

Adui mkubwa wa gundi ni mafuta. Kama ni sampu, mwaga oili yote, na ukiweza acha gari usiku kucha, kwa kuwa oili huendelea kuteremka polepole ndani na kutokea ufani. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae na kikwaruze. Kama ni ufa, toboa tundu dogo kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia, kisha uupanue kidogo kwa tupa ili gundi ipate pa kuingia. Futa kwa thina na kitambaa safi, mbali na moto na sigara. Petroli haifai kwa kazi hii, kwa sababu huacha utando wa mafuta, na yaweza kulipuka.

Changanya mpaka rangi iwe moja. Sukuma gundi ndani ya ufa, usiipake juu juu tu. Tundu likiwa kubwa, weka kipande cha wavu wa waya au cha bati la alumini ndani ya gundi, kisha paka tena juu yake.

Baada ya hapo ngoja. Gundi ya haraka hushika kwa dakika 5, lakini kushika si kukomaa. Nyingi hutaka saa 24 kupata nguvu zake zote. Jua la mchana husaidia, na baridi ya usiku huchelewesha.

PASIPOFAA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini si kila ufa huzibwa kwa gundi. Sampu, kifuniko cha vali, kifuniko cha taimingi na kichwa cha rejeta, hapo gundi inaweza kusaidia. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua haizibwi kwa gundi. Ekzosi haizibwi kwa gundi ya kawaida, maana joto lake hufika mamia ya nyuzi. Mabomba ya breki, usukani na mabomba ya dizeli yenye shinikizo kubwa, usiyaguse kabisa kwa gundi. Hapo kiraka kikifunguka, mtu hufa.

Kumbukeni pia kwamba gundi nyingi za kawaida hulegea joto likikaribia nyuzi 80, na maji ya injini hupita nyuzi 90. Ziko nyingine zenye unga wa chuma ambazo hustahimili zaidi ya nyuzi 200. Zinafanana madukani, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa. Tena alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kikipata moto. Kiraka kinachounganisha viwili hivyo huvutwa kila injini inapopata moto na kupoa.

Na rejeta ya moto usiifungue. Kwa shinikizo la kifuniko chake, maji ndani yaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukifungua, huruka yote kwa mara moja usoni.

MIKONO YETU

Wengi wetu huchanganya gundi kwa kidole. Kigumishi chaweza kuifanya ngozi iwashe, ipasuke na kutoa maji. Mwili ukishaanza kukikataa, hali hiyo kwa kawaida haiondoki. Baada ya hapo hata tone dogo huamsha vidonda, na fundi hulazimika kuiacha kazi aliyojifunza tangu ujana. Vaa glovu, changanya kwa kijiti, osha mikono kwa sabuni na maji, wala si kwa thina. Unaposugua gundi iliyokauka, funika pua na mdomo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mwenye gereji asiseme kwamba glovu ni anasa. Na sisi tulio mafundi wakubwa tusiwapeleke vijana wanafunzi kuchanganya kwa mikono mitupu, eti ndivyo tulivyofundishwa.

UKWELI KWA MWENYE GARI

Tutoe kosa letu wenyewe. Jioni moja tuliziba sampu ya gari la abiria. Mwenye gari akataka liondoke baada ya saa moja, kwani mizigo ya soko la kesho ilikuwa inangoja. Tulijua muda hautoshi. Tulinyamaza kwa kuogopa kwamba ataenda kwa fundi mwingine. Kiraka kilibanduka njiani, oili ikaisha, injini ikakwama. Abiria walilala barabarani, na sisi tulilipa kwa miezi kadhaa. Gundi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kunyamaza kwetu.

Tangu siku hiyo twaandika kwenye risiti: "Hiki ni kiraka, si kipuri," pamoja na tarehe ya kukiangalia tena. Asiyetaka kungoja hatumzibii. Wateja wawili watatu waliondoka kwa hasira, na mmoja wao amerudi.

Twawaomba wenzetu wa Tororo, Malaba na pande zote mbili za Busia wafanye vivyo hivyo. Fundi mmoja akikataa kazi ya hatari, mwenye gari huvuka barabara na kumpata mwingine. Tukikataa sote, atangoja gundi ikomae, au atanunua spea.

Umoja ni nguvu.