Gogo la Mvule Limelala Shambani: Lipasuliwe au Liuzwe?

Katika mashamba ya kwetu, toka Mambasa mpaka Beni na Butembo, kuna miti migumu iliyoangushwa na upepo au iliyokatwa wakati wa kusafisha shamba. Gogo la mvule au la libuyu linalala pale, kisha siku moja mnunuzi anapita na tronsonezi begani. Anasema: «Mama, huu mti umeshaoza, lakini nitakusaidia, pokea hiki kidogo.» Mama anapokea, kwa sababu hajui ndani ya gogo mna mbao ngapi. Mbao hizo zinavuka Kasindi kwenda Uganda na hata Kenya, na yeye amebaki na bei ya kilo chache za sukari. Basi tujifunze kupima kabla ya kusema ndiyo.

Gogo ni la nani?

Tuanzie hapo. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema kwamba miti iliyo kijijini au shambani ni mali ya kijiji au ya mwenye shamba, naye anaweza kumwachia mtu mwingine. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia mti wa shamba lako ni wa serikali, usiogope haraka. Lakini kupasua na kusafirisha mbao za biashara kunaomba makaratasi. Mwambie mnunuzi aonyeshe kibali chake, na uulize biro ya mazingira kabla mbao hazijapanda gari. Kama wewe ni mjane, au shamba ni la ukoo, ita familia na chefu wa kijiji mapema. Ugomvi unaoanza baada ya pesa kuonekana ni mgumu kumaliza.

Tazama na ugonge

Zunguka gogo lote. Mvule na libuyu zina sehemu mbili: mbao nyeupe upande wa nje, na moyo wenye rangi upande wa ndani. Ile nyeupe inaliwa na wadudu upesi; moyo wa mvule unavumilia muda mrefu hata chini. Basi usikubali neno «limeoza» kwa sababu ya ganda na unga wa wadudu tu. Chonga kidogo kwa panga mpaka ufike kwenye moyo. Ukiwa mgumu na mkavu, gogo lina thamani.

Gonga kwa mgongo wa shoka toka mwanzo mpaka mwisho. Sauti ya ngoma inaonyesha uwazi ndani. Angalia vichwa vyote viwili: mipasuko inayotoka katikati kama nyota inapoteza mbao. Mti uliosimama karibu na nyumba unaweza kuwa na misumari au seng'enge ndani, na penye vita hata risasi. Mvule pia huwa na mawe meupe ndani yake yanayoharibu meno ya msumeno. Mpasuaji atakayekuta vitu hivyo ataongeza bei yake.

Pima kwa kamba

Chukua kamba na mita ya fundi wa kushona. Zungusha kamba katikati ya gogo, chini ya ganda, uipime. Kisha pima urefu. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu zidisha kwa 0,08.

Mfano: mzunguko mita 2, urefu mita 4. Mbili mara mbili ni 4, mara nne ni 16, mara 0,08 ni 1,28. Gogo lina mita kibu 1 na robo hivi.

Lakini zote hazitoki kuwa mbao. Tronsonezi inakula karibu sentimita 1 kila inapopita, na pembeni panabaki vipande. Hesabu theluthi moja tu: mita kibu 0,43 hivi. Ubao wa mita 4, upana sentimita 30 na unene sentimita 5, ni mita kibu 0,06. Kwa hiyo utapata mbao 7 hivi, si 20.

Linganisha njia mbili

Uliza bei ya ubao sokoni kwa maseremala wawili au watatu, siyo kwa mnunuzi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ubao ni dolari 10. Mbao 7 ni 70. Mpasuaji achukue 3 kwa kila ubao: 21. Wabebaji 2 kwa kila ubao: 14. Chakula na makaratasi: 15. Unabaki na 20. Mnunuzi akitoa 8 kwa gogo zima, anakuonea. Akitoa 18 pesa mkononi, uza ulale, maana kupasua kuna hatari zake.

Kama gogo lina uwazi, au liko mbali na barabara, wabebaji watakula faida yote. Hapo liuze lilivyo, au ulifanye kuni, vinu na mipini ya jembe.

Ukipasua

Andikeni makubaliano mbele ya shahidi: nani ananunua esansi, analipwa kwa ubao au kwa siku, na vipande vya pembeni ni vya nani. Vipande hivyo ni kuni za wiki nyingi. Usiviache viende bure. Unga wa mvule unawasha ngozi na kufunga kifua, kwa hiyo watoto wakae mbali. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati yake, na upake rangi kuukuu kwenye vichwa zisipasuke.

Kikundi cha AVEC kinaweza kukopesha pesa za mpasuaji, ili mama asiuze kwa haraka ya ada ya shule. Gogo la mvule halikimbii. Hata likingoja wiki mbili ukiuliza bei, moyo wake hautaoza.