Imani Ukambani (3): Neno lililotafutwa miaka miwili

Juma lililopita niliishia Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, mahali Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipopiga kambi yao ya kwanza Desemba 1895. Leo naanzia kifo chake. Scott alifariki tarehe 4 Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29, mwaka mmoja tu baada ya kufika. Alikuwa ameshafungua vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Miaka michache baadaye wengi wa kundi lake walikuwa kaburini au wamerudi makwao. Ikaja njaa ya 1898 na 1899 ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, na ndui ikaja nyuma yake.

Katika miaka hiyo migumu mmoja wa kundi la Scott, Willis Hotchkiss, alikuwa akisumbuliwa na neno moja. Mti, jiwe, maji: hayo mgeni huyapata kwa kunyoosha kidole. Mwokozi haonyeshwi kwa kidole. Hotchkiss alilisaka neno hilo la Kikamba kwa zaidi ya miaka miwili. Jioni moja kando ya moto, msaidizi wake Kikuvi akasimulia jinsi alivyomnusuru mtu aliyevamiwa na simba, na humo ndani ya hadithi kitenzi cha kuokoa kikapita. Hotchkiss akakidaka hapo hapo.

Kisa hiki kimerudiwa katika mahubiri mengi, mara nyingi kwa sababu ya simba. Mimi hukipenda kwa sababu ya Kikuvi. Neno la wokovu halikutoka katika kitabu cha mgeni; lilitoka kinywani mwa Mkamba aliyekwisha kulitenda. Leo Wakamba humwita Kristo Mutangiii, yaani Mwokozi, na kila ninapolisikia kanisani humwona mtu anayekimbilia hatari wakati wengine wanaikimbia.

Liko neno jingine ambalo msomaji asiye Mkamba huenda hajalisikia: wikwatyo, yaani tumaini. Ndani yake kuna kukwata, kushika. Kiswahili chetu kinatumainia kwa moyo. Kikamba kinatumainia kwa mkono. Tofauti hiyo si ndogo, maana siku hizi tunahubiriwa tumaini la namna nyingine kabisa: toa sadaka, ngoja, muujiza wako uko njiani. Mkulima wa Mutomo au Kibwezi aliyepanda mbegu kavu msimu baada ya msimu, kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilipokosa mara tano mfululizo, angefanya nini na mahubiri hayo? Huyo anamhitaji Habakuki, nabii aliyehesabu moja baada ya jingine yale yaliyoharibika, mtini, mzabibu, mashamba, zizi lisilo na ng'ombe, kisha akaazimia kumfurahia Bwana hata hivyo. Hakudai kwamba mvua itanyesha kesho. Alishika.

Na yapo mambo ambayo hata ukame ni afadhali kuliko hayo. Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, miaka 125 kamili tangu Scott afe, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki la Mwingi pamoja na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, huko Kitui, uliokuwa umefurika. Lilisombwa. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo watoto. Walikuwa wanakwenda kuimba. Na mto ulikuwa umejaa mvua, kitu kile kile ambacho Kitui nzima ilikuwa ikikiombea.

Sitaki kuandika hapa sababu ya Mungu kuruhusu jambo hilo. Siijui, na namwogopa mwenzangu yeyote anayepanda mimbarini akidai kuijua. Ninachoweza kufanya ni kumwonyesha aliyefiwa kwamba Biblia yenyewe imemwachia nafasi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina mstari wa mwisho wa kufuta machozi. Waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala hawakuitengeneza. Aliyeisali alibaki ni mwombaji kwa sababu moja tu: alikuwa bado anazungumza na Mungu. Mama aliyerudi kutoka mazishini asiweze kuimba kwa mwaka mzima hajapoteza imani. Wikwatyo wakati mwingine ni vidole viwili tu vilivyobaki.

Tena mkono ulioshika haushiki peke yake. Wakamba wanaita mwethya ule umoja wa majirani wa kulima, kujenga na kuchimba kwa zamu, na kazi hiyo imezaa kitu ambacho wageni kutoka mbali huja kukitazama: mabwawa ya mchanga. Yako kwa mamia Kitui, na Makueni yapo pia. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake, kama robo ya ujazo wote au zaidi, hukaa maji ambayo jua haliyafikii. Misimu ya kwanza unaona mchanga mtupu, unajiuliza mawe yote yale yalibebwa ya nini. Vikundi vingi vya kazi hii huanza asubuhi kwa sala, kisha mawe yanapita mkono kwa mkono.

Mwezi wa tisa mwaka mmoja nilisimama kwenye mto kama huo, mkavu kabisa kwa macho. Mwanamke mzee alikuwa amepiga magoti katika shimo lililomfikia kiunoni, kata mkononi, mtungi wa lita 20 kando yake, punda akisubiri. Maji yalipoanza kujikusanya nikainama ili nimsaidie susu huyo, yaani bibi kwa Kikamba, kuteka.

"Susu, nikutekee?"

"Ngoja, mwanangu. Haya ya kwanza ni ya tope."

Akayateka akayamwaga mchangani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akakaa kimya, mkono ukingoni mwa shimo, akiyangoja mengine yapande.