Vibao vya Zamani na Nyimbo Mpya: Albamu ya HIStory ya Michael Jackson

Katika biashara ya muziki wa pop, albamu ya vibao vilivyotamba huanza kama bidhaa ya kampuni kabla ya kuwa kazi ya msanii, kwa kuwa nyimbo zake zimekwisha kurekodiwa, wapigaji wamekwisha kulipwa, na wasikilizaji wamekwisha kuonyesha kwa fedha zao kwamba wanazipenda. Kinachobaki ni kuchagua, kupanga na kufungasha, na ndiyo maana mkusanyiko wa aina hii, ukipokewa vizuri, huiletea kampuni faida kubwa kwa gharama ndogo. Mkusanyiko unaotajwa mara nyingi kuwa chanzo cha mtindo huu ni ule wa mwimbaji wa Marekani Johnny Mathis, uliotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1958, ambao ulidumu kwa wiki 490 mfululizo katika chati ya albamu ya jarida la Billboard, yaani orodha ya kila wiki ya albamu zilizoongoza kwa mauzo. Kundi la Eagles lilipotoa mkusanyiko wake mwaka 1976, albamu hiyo ikawa ya kwanza kupewa cheti cha platinamu nchini Marekani, hadhi iliyoanzishwa mwaka huohuo kwa albamu zilizofikia mauzo ya nakala milioni moja.

Hata hivyo, mkusanyiko wa nyimbo za zamani tupu una udhaifu wake, kwa sababu mpenzi wa kweli wa mwimbaji, ambaye alinunua kila albamu ilipotoka, haoni sababu ya kulipia tena nyimbo alizonazo nyumbani, na vituo vya redio, ambavyo hutafuta wimbo mpya wa kuchezwa kila wiki, havina habari ya kutangaza. Dawa iliyopatikana ni kuongeza wimbo mmoja au miwili ambayo haipatikani kwingine, ili shabiki mkongwe alazimike kununua na redio nazo zipate singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake kuitangulia au kuitangaza albamu. Madonna alifanya hivyo mwaka 1990 katika The Immaculate Collection, mkusanyiko wa nyimbo 17 ambamo 15 zilikuwa vibao vya miaka iliyotangulia na mbili tu zilikuwa mpya, na mmojawapo wa hizo mbili, Justify My Love, ulifika kileleni mwa chati ya Marekani baada ya video yake kukataliwa na kituo cha televisheni cha MTV. Kwa miaka mingi uwiano huo, vya kale vingi na vipya viwili, ndio uliokuwa desturi.

Michael Jackson aliuvunja uwiano huo kabisa. Albamu yake ya HIStory: Past, Present and Future, Book I, iliyotoka Juni 1995, ilikuwa na diski mbili na nyimbo 30, ambapo 15 zilikuwa vibao vilivyokwisha kutamba na 15 zilifungwa katika diski ya pili kama albamu nyingine kamili, na muziki wote kwa pamoja ulikaribia saa mbili na nusu. Wazo la mkusanyiko halikuwa geni kwake, kwani mwishoni mwa miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kutoa albamu ya vibao vya muongo ule pamoja na nyimbo mpya chache, mpango ulioachwa alipoendelea kutunga hadi ikazaliwa Dangerous ya mwaka 1991. Jambo kama hilo lilitokea tena kabla ya 1995, ila safari hii nyimbo mpya zilipozidi idadi iliyotarajiwa hazikuhamishiwa katika albamu ya peke yake, bali ziliachwa zikae bega kwa bega na zile za zamani.

Diski ya kwanza imechukua nyimbo kutoka albamu nne: tatu za Off the Wall ya mwaka 1979, tano za Thriller ya mwaka 1982, nne za Bad ya mwaka 1987 na tatu za Dangerous. Hazikupangwa kwa kufuata miaka, kwa sababu mlango wake ni Billie Jean wa mwaka 1982, na nyimbo za Off the Wall zimetawanywa kati ya nyingine, hivyo msikilizaji hapati safari ya kukua kwa kijana wa Gary, Indiana, aliyetoka katika kundi la ndugu zake akawa mwimbaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake. Yapo pia mapengo yanayoshangaza, hasa kukosekana kwa Dirty Diana, ambao ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1988, na Smooth Criminal, ambao wengi huuhesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa. Waseme wasemavyo watetezi wa uteuzi huo, diski iliyotaka kuwa kumbukumbu ya msanii huyu haikustahili kuziacha nyimbo hizo mbili nje. Msikilizaji wa Afrika, kwa upande wake, atafurahi kuukuta Wanna Be Startin' Somethin', ambao kiitikio chake cha mwisho kimetokana na Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kamerun, iliyorekodiwa mwaka 1972. Dibango alidai haki yake, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano ya malipo.

Sababu ya albamu hii kuwa na sura iliyo nayo haiwezi kueleweka bila kuutaja mwaka 1993, ambapo Jackson alishutumiwa kumdhulumu mtoto kingono, shutuma alizozikanusha. Madai ya fidia yalimalizwa nje ya mahakama Januari 1994, na uchunguzi wa jinai ukafungwa bila mashtaka kufunguliwa, lakini magazeti na televisheni za Marekani na Uingereza ziliendelea kumjadili, na jina lililokuwa likitajwa kwa sifa likawa likitajwa kwa mashaka. Mkusanyiko uliofuata baada ya hapo haukuweza kuwa bidhaa ya kawaida. Vibao 15 vya diski ya kwanza vinafanya kazi ya mashahidi wanaoitwa mbele ya umma kueleza mtu huyu ni nani na amefanya nini, na ndipo diski ya pili inampa yeye mwenyewe nafasi ya kusema. Kuchanganya zamani na sasa kulikuwa hoja ya utetezi, na hapo ndipo albamu hii inapotofautiana na mikusanyiko mingine yote mikubwa ya muziki wa pop.

Utetezi huo una hasira nyingi kuliko kitu chochote alichowahi kuimba. Scream, uliotungwa pamoja na dada yake Janet na watayarishaji Jimmy Jam na Terry Lewis, unaanza diski ya pili kwa kishindo cha mashine na sauti za ndugu wawili waliochoshwa. Tabloid Junkie unayashambulia magazeti ya udaku. Na mwingine unamsema mwendesha mashtaka aliyemchunguza, kwa jina lililobadilishwa kidogo tu. Zipo nyimbo ambamo malalamiko yanazidi kipimo na muziki unabaki nyuma, na hilo linapaswa kusemwa wazi. Lakini Stranger in Moscow, aliouandika akiwa Moscow katika ziara ya mwaka 1993 wakati shutuma zilipokuwa zikienea, ni wimbo wa upweke uliotulia, usiomlaumu mtu kwa jina, na kwa ufundi wa sauti na mpangilio wake unastahili kuwekwa karibu na kazi zake bora za miaka ya 1980. They Don't Care About Us ulizua ugomvi kwa maneno mawili yaliyoonekana kuwatukana Wayahudi. Jackson alieleza kwamba aliyatumia kuonyesha ubaya wa chuki, kisha akaomba radhi na kuurekodi upya bila kuyasikizisha. Mwongozaji Spike Lee aliutengenezea video mbili, mojawapo ikipigwa Salvador da Bahia na katika mtaa wa mabanda wa Rio de Janeiro nchini Brazil, na ngoma za kundi la Olodum ndizo zinazoibeba video hiyo.

Wimbo unaoihusu Afrika ya Mashariki moja kwa moja ni Earth Song, ambao Jackson alianza kuutunga mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuukamilisha kwa ajili ya albamu hii. Ni wimbo mrefu unaoanza kwa kinanda cha upole na kumalizikia katika kwaya ya injili, ukiuliza maswali juu ya vita, misitu na wanyama. Video yake iliongozwa na Mwingereza Nick Brandt, na ilipigwa katika msitu wa Amazon, katika Croatia iliyokuwa imetoka vitani, nchini Tanzania na katika jimbo la New York, ambako ndiko Jackson mwenyewe alikopigwa picha akiwa katikati ya miti iliyoungua. Sehemu ya Tanzania inawaonyesha Wamasai wakikabiliwa na tembo waliouawa kwa ajili ya pembe. Hayo hayakuwa mambo ya kubuni kwa watazamaji wa huku, kwa kuwa miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka 1989, serikali ya Tanzania ilikuwa imeanzisha Operesheni Uhai dhidi ya majangili na kuwa miongoni mwa nchi zilizopigania marufuku ya biashara ya pembe za ndovu duniani, huku Kenya ikichoma hadharani shehena yake ya pembe mwaka huohuo. Jackson alikuwa amefika Dar es Salaam mwaka 1992 katika ziara yake ya Afrika, lakini aliyebadilishwa zaidi na kazi ile ni Brandt, ambaye alivutiwa mno na wanyama wa Afrika ya Mashariki hata baadaye akaacha kuongoza video, akawa mpiga picha wa tembo na simba, na mwaka 2010 akashiriki kuanzisha Big Life Foundation, taasisi inayoajiri askari wa wanyamapori katika eneo la Amboseli na mpaka wa Kenya na Tanzania. Nchini Uingereza Earth Song ulishika nafasi ya kwanza kwa wiki sita, Krismasi ya 1995 ikiwemo, ingawa Marekani haukutolewa kama singo.

Diski ya pili ina pia nyimbo mbili za zamani za watu wengine, na mojawapo inafunua upande wa biashara ambao wasikilizaji wengi hawauoni. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, moja ya sauti iliyorekodiwa, ambayo kwa kawaida hushikwa na kampuni ya kurekodi, na nyingine ya utunzi, ambayo humletea mwenye nayo mirabaha kila wimbo unapouzwa au kuchezwa, hata ukiimbwa na mtu mwingine. Mwaka 1985 Jackson alinunua kwa dola milioni 47.5 kampuni ya ATV Music, iliyomiliki haki za utunzi wa nyimbo nyingi za John Lennon na Paul McCartney wa Beatles, kwa hiyo alipouweka Come Together wa Beatles katika HIStory, sehemu ya mirabaha ya utunzi ilirudi kwa kampuni yake mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1995 aliiunganisha ATV na biashara ya haki za utunzi ya Sony, kampuni iliyotoa albamu hii, wakawa wabia. Wimbo wa pili ni Smile, wenye muziki uliotungwa na Charlie Chaplin, na ndio unaofunga albamu nzima.

Kampuni ya Sony ilitangaza albamu hii kwa gharama iliyoripotiwa kufikia dola milioni 30, na sanamu kubwa za Jackson ziliwekwa katika miji ya Ulaya, mojawapo ikielea juu ya mto Thames, London. Wahakiki wengi walichukizwa na fahari hiyo, na hasira yao ina msingi, kwa kuwa ni vigumu kumsikiliza mtu anayelia kuonewa huku akijisimamishia sanamu. Hata hivyo albamu iliingia chati ya Marekani moja kwa moja katika nafasi ya kwanza. Scream uliingia chati ya singo katika nafasi ya tano, jambo ambalo hakuna wimbo uliokuwa umewahi kulifanya kabla yake. Na Septemba 1995 You Are Not Alone, uliotungwa na R. Kelly, ukawa wimbo wa kwanza katika historia ya chati hiyo kuanzia nafasi ya kwanza. Msomaji wa takwimu za mauzo anapaswa kuwa makini, kwa sababu nchini Marekani albamu ndefu ya diski mbili huhesabiwa kila diski peke yake, na hivyo vyeti vya platinamu vya HIStory vinaonyesha hesabu iliyo mara mbili ya nakala zenyewe.

Mwaka 1997 Sony na Jackson waliurudia mchanganyiko huo kwa namna nyingine katika Blood on the Dance Floor, yenye nyimbo mpya tano na rimiksi nane za HIStory, yaani nyimbo zilezile zilizopangwa upya kwa ajili ya kumbi za dansi. Kisha mwaka 2001 diski ya kwanza ikatolewa peke yake kama mkusanyiko wa kawaida wa vibao. Uamuzi huo una maana kibiashara, kwa kuwa mnunuzi anayetaka Billie Jean hahitaji kulipia hasira ya mwaka 1995, lakini uliivunja albamu mahali ambapo nguvu yake ilikuwa imeshonewa, na vibao vile vikarudi kuwa zilipendwa tu, bila kazi ya kumtolea mtu yeyote ushahidi. Diski ya pili imejitafutia njia yake: They Don't Care About Us umeimbwa na waandamanaji wanaopinga ukatili wa polisi dhidi ya watu weusi nchini Marekani, na mwaka 2020 Spike Lee aliutolea video nyingine iliyochanganya picha za Brazil na za maandamano ya mwaka huo.